Kiganja Kwenye Kioo

Kile kiganja kilikuwepo tena asubuhi hiyo, katikati ya kioo, vidole vinne na nusu.

Volkmar aliinama nyuma ya wembe wa kupimia kioo, akachungulia kwa jicho moja. Taa aliikuta inawaka, kama kila siku tangu Januari. Mwanga wake ulipenya kitundu kidogo kama cha sindano, ukagonga kioo cha darubini kilichosimamishwa upande wa pili wa karakana, ukarudi mpaka kwenye makali ya wembe. Ukichungulia hapo, kosa dogo lisiloonekana kwa macho hugeuka mlima. Na mtu akikiwekea kioo mkono dakika moja tu, joto lake hukivimbisha, na alama hubaki mpaka kipoe.

Karakanani hamkuwa na mtu. Na mji mzima, mwenye vidole vinne na nusu mkono wa kulia alikuwa mmoja tu: Irmtraud, mkewe, ambaye mashine ya kusagia vioo ilimkata nusu ya kidole cha mwisho walipokuwa wangali vijana.

Siku ile ya Januari darajani, pikipiki yao ilipoteleza kwenye barafu, Volkmar alimwita pale thelujini mpaka sauti ikamkauka. Irmtraud hakuitika.

"Nioneshe basi na uso, mke wangu," alinong'ona. "Mkono tu hautoshi."

Mwili ulimsisimka, lakini hakuogopa. Alichokiogopa ni Jumamosi, siku ya kioo kuchukuliwa, na leo ndiyo Jumamosi. Kikiondoka kioo, atamwona wapi tena?

Mlango ukafunguliwa. Akaingia jirani yao Ottokar, mwenyekiti wa chama cha watazama nyota, mikononi bakuli la supu ya viazi.

"Ala! Jirani, hata ya jana hujaigusa!" alifoka. "Unataka kufa na wewe? Kula!"

"Sina njaa," alisema Volkmar.

Ottokar alivuta kiti, akakaa, kofia magotini. "Na hayo ya kujilaumu yaache. Barafu ile ingemwangusha yeyote." Akakitazama kioo. "Kioo kimekwisha tangu wiki iliyopita, nimekipima mwenyewe. Kila nikija, bado kidogo, bado kidogo! Watoto wa shule wanangoja kuutazama mwezi kwa darubini yao."

"Usikichukue, Ottokar. Nakuomba."

"Mchana nakuja na gari," alisema Ottokar kwa upole, akatoka huku akijifuta macho.

Volkmar alibaki amesimama, roho inamuuma. Mara akapata wazo. Kama ni kuondoka, basi waondoke pamoja, mkono kwa mkono, walau mpaka kioo kipoe.

Miaka thelathini amewafukuza watu humu kwa kosa la kugusa kioo. Leo alikifuata mwenyewe, akaweka kiganja chake kando ya kile cha mkewe, akabonyeza. Hata baridi ya kioo hakuisikia. Akahesabu mpaka sitini, kisha akaanza upya, akahesabu sitini nyingine.

Akarudi mbio kwenye wembe, akachungulia.

Kiganja cha Irmtraud kilikuwa pale, kimeinuka kuliko asubuhi, kama cha mtu aliyeondoa mkono sasa hivi. Kando yake kioo kilikuwa laini, kitupu, hakina alama yoyote. Ndipo Volkmar akaelewa ni nani kati yao aliyebaki kule thelujini.