Kibali cha Kumzika Mama

Kwa mara ya nne printa ikamjibu Mwatano kwa ile sauti yake ya asali: "Samahani dada, siunganishwi na mtu aliyenuna. Changamka kidogo kwanza."

Mwatano alikuwa ameshafanya yote. Aliizima akaiwasha. Alichomoa waya wa kisanduku cha intaneti, akahesabu hadi thelathini, akaurudisha. Aliifuta printa kwenye kompyuta, akaisajili upya. Taa zote zilikuwa za kijani isipokuwa moja, ile inayopima sauti ya mtu.

"Nichangamke! Mama yangu amelala ndani ya sanda, nawe dude la plastiki unanifundisha adabu?"

Ile taa ikazidi kuwa nyekundu.

Mjomba Shekue akachungulia mlangoni. "Mwanangu, mama yako keshaoshwa, na alasiri hiyo inaingia. Bila kibali makaburini hawatufungulii. Ichekee tu yaishe. Siku hizi hata jiko haliwaki bila kuchekewa."

Mwatano akafumba macho, akameza mate machungu kama shubiri, akacheka. Kicheko cha kwanza printa ilikikataa, cha pili ikakikubali. Taa ikawa ya kijani, na karatasi ikaanza kutoka polepole.

Sebuleni, wanawake waliokuwa wakisoma Yasini wakanyamaza mmoja mmoja, wakamsikiliza mtoto wa marehemu akicheka.

Aliposikia ule ukimya akajiziba mdomo kwa kanga. Printa ikasimama.

"Endelea, dada," ikasema kwa upole. "Zimebaki kurasa tatu."