Kanga na Mji Usiobisha Hodi

Kanga alihamia mji mdogo wa pwani ya barafu, na jambo moja likamtoa roho: huko hakuna aliyebisha hodi. Majirani walisukuma mlango tu, wakaingia na theluji miguuni mpaka kwenye busati lake.

"Kwetu mtu hupiga hodi mara tatu, akangoja aambiwe karibu!" alifoka siku Bata alipomkuta anaoga. "Kwani wewe umelelewa wapi?"

"Hapahapa, mama," Bata akajibu. "Hapa pana Dubu. Akikutokea njiani, mlango wowote ni wako."

"Visingizio vya wasio na adabu!" Kanga akasonya, akanunua kufuli.

Kesho yake, akitoka dukani, Dubu akamtokea. Kanga akatimua mbio hadi kwake, lakini kufuli lilikuwa limeganda. Akakimbilia kwa Bata. Mlango ulikuwa wazi, ila mazoea yana taabu: akasimama kizingitini akiita, "Hodi! Hodi! Hodi, jamani!"

"Karibu," ikajibu sauti nzito nyuma yake.

Mwaka mzima alikuwa akililia neno hilo. Kanga akaruka ndani, theluji miguuni, mpaka juu ya kitanda cha Bata.

Bata akabamiza mlango, akamgeukia. "Mama Kanga, kwani umelelewa wapi?"