Aliyezaliwa Siku ya Uhuru

Keki ilipakwa rangi za bendera, na ile nyeusi ilikuwa imeanza kuchuruzika kwa joto la Kilosa. Hildegarda aliitazama, kisha akamtazama mdogo wake, aliyevaa suti ya mtumba huku lebo ingali imeshonwa kwenye mkono.

"Ndugu wananchi," mdogo mtu alisema kwenye kipaza sauti, "nilizaliwa tisa Desemba. Mimi na Uhuru, siku moja! Msiponipa mimi udiwani, mtampa nani?"

Watu wakapiga vigelegele, maana pilau lilikuwa bado jikoni.

Hildegarda akasonya. Huyu, aliyezaliwa masika, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemlea kwa uji wa kijiko, leo amejichagulia tarehe kwenye kalenda kama mtu anayechagua shati mnadani.

"Dada yangu mkubwa ni shahidi!" mdogo wake akatangaza. Kisha akainama, akamnong'oneza, "Sema ndiyo tu, dada. Kaburi la mama nitalijengea kwa saruji wiki ijayo."

Miaka arobaini na minne kaburi lile lilikuwa kichuguu cha udongo na msalaba wa mninga, ulioandikwa jina na tarehe na katekista. Asubuhi Hildegarda alikuwa ameung'oa, akaufunga kwenye kanga.

Sasa akaufungua. Akauchomeka katikati ya keki, udongo wake ukiangukia bendera.

"Saruji baki nayo," alimwambia. Kisha akawageukia watu. "Mama yetu alikufa akimzaa huyu. Mimi sijui kusoma. Anayejua aje atusomee tarehe."