Siri ya Mwalimu Mkuu Kobe

Kobe, mwalimu mkuu, alikuwa na kawaida ya kumvuta kila mwalimu pembeni na kumnong'oneza, "Mwalimu, shule hii ni wewe tu, ila usimwambie mwenzako," nao wakafundisha mpaka makoo yakakauka. Siku moja Kicheche akamtobolea mwalimu mwenzake, Nungunungu, siri hiyo.

"Hee! Hata mimi kaniambia hivyohivyo!"

"Katufanya watoto huyu!"

Wakaandika barua za kuacha kazi, wakaingia ofisini kwa hasira, wakamkuta Kobe naye anamalizia barua yake.

"Miaka kumi," akasema, "sijaambiwa hata ahsante."

Wakatazamana. Nungunungu akaficha barua yake nyuma ya miiba, akamwinamia sikioni. "Mwalimu mkuu, shule hii ni wewe tu."

Kobe akaichana barua, akafuta machozi.

"Sitamwambia mtu," akaahidi.