Kengele ya Nyuma ya Kilima

Kinyozi alikuwa sebuleni, akimfundisha mkewe kuiba kwa kidole gumba cha mguu.

"Mpira wangu usiupige teke, usogeze tu," alisema, huku akilisukuma limau juu ya zulia kuelekea kikombe alichokilaza kando ya kochi. "Polepole, kama mtu anayetafuta ndala gizani. Ukibaki hatua moja kufika shimoni, unaacha. Ukiutia ndani kabisa kaka yako atashtuka."

Mama Pacha akajaribu. Limau likasimama palepale lilipotakiwa, mara ya kwanza tu. Kinyozi alifurahi mno hata asijiulize kwa nini.

"Na mpira wa kaka?"

"Uache ulipoangukia. Hata kama ni kwenye mavi ya kondoo."

"Haya, Baba Pacha." Akacheka kidogo, akabandua plasta kiganjani na kubandika mpya. Siku hizi alikuwa akienda kila mara kwa baba yake kumkanda magoti, na kila akirudi viganja vina malengelenge. Magoti ya baba yamekuwa mawe, ndivyo alivyosema.

Kisa cha yote kilikuwa fimbo za huyo baba mkwe. Fimbo saba za gofu za zamani, vichwa vya chuma, mipini ya mti mgumu, ngozi imezungushwa pa kushikia. Mzee alizichezea tangu ujana, sasa magoti yamemgomea, akataka zipate mwenyewe mpya naye yupo hai anaona. Shemeji, daktari wa meno, alikwisha kuchagua ukuta wa kuzitundika pale wagonjwa wanaposubiri. Kinyozi alitaka kuzichezea. Siku ya kwanza alipofika ukweni mzee alimpa moja apige mpira mmoja, na ule mlio wake haujamtoka masikioni hadi leo. Kuziona zikining'inia juu ya watu waliovimba mashavu kungemvunja moyo. Ndiyo maana mtu mwaminifu kama yeye, ambaye hajawahi kumkata mteja sikio akamsingizia nzi, alijikuta anacheza na malimau.

Masharti ya mzee yalikuwa mafupi. "Jumamosi, shimo la mwisho, pigo moja moja. Mpira utakaolala karibu zaidi na shimo, mwenye nao achukue mfuko wa fimbo. Mimi wanangu wote nawapenda sawa, sitaki kelele."

Kiwanja chenyewe kilikuwa kiwanja kwa jina. Nyasi zilikatwa na kondoo, mawe yalijiotea yalipopenda, na shimo la mwisho lilijificha nyuma ya kilima. Ukisimama pa kupigia hulioni. Unapiga mpira juu ya kilima, mengine unamwachia Mungu. Kwa hiyo upande wa pili palikuwa na kengele juu ya nguzo. Aliyemaliza kucheza huigonga, ili walio nyuma yake wajue hawatampasua mtu kichwa.

Mama Pacha alitangulia asubuhi na baba yake. "Mtu wa kengele lazima awahi," alisema.

Kinyozi na shemeji walipofika, walimkuta mzee peke yake juu ya kigoda, akiifuta fimbo moja kwa leso. Kichwa cha fimbo kilikuwa kimegandwa na majani mabichi. Kinyozi aliona uchungu. Maskini, amejaribu pigo la mwisho na magoti yale. Nusura aghairi mpango wake.

"Tuanze, baba?"

"Tulia. Ngoja kengele."

Ikalia, ng'ambo ya kilima. Mzee akatabasamu. "Haya, njia nyeupe. Nani anafuata?"

Shemeji akapiga. Mpira ukakata kushoto, ukaelekea vichakani, lakini mwenyewe akawa anapiga mluzi. Kinyozi naye akapiga, ukagonga jiwe, ukaruka kulia na kupotea.

"Umepiga vizuri, shemeji."

"Sikufikii wewe, shemeji."

Wakapanda kilima kwa haraka isiyo ya heshima, wakimwacha mzee nyuma na mkongojo wake.

Kule chini mipira miwili ilikuwa imelala kandokando ya shimo, huu upande huu, huu upande ule, kila mmoja hatua moja kamili. Mama Pacha alikuwa ameegemea nguzo ya kengele, anatazama kondoo. Kinyozi akamkazia macho: tulikubaliana nini? Kisha akaona kwamba shemeji naye anamkazia macho dada yake, vilevile.

Mzee akafika akihema. Akapima kwa fimbo huku, akapima kule. "Sawasawa," akasema.

"Basi turudie, baba," shemeji alisema.

"Turudie nini, na wa tatu hamjautazama?"

Mzee akainama, magoti yakalia, akaingiza mkono shimoni. Akatoa mpira wenye doa la rangi nyekundu ya kucha.

"Wa nani huo?"

"Wa aliyegonga kengele. Tangu lini kengele ya hapa ikagongwa na mtazamaji?"

"Haiwezekani!" Kinyozi aliwaka. "Pigo moja, kutoka kule hadi ndani ya shimo? Huo umetiwa kwa..." Neno mguu likamkwama kooni. Shemeji, aliyekuwa amekwisha kufungua kinywa amuunge mkono, akakifunga.

Mama Pacha akauchukua mfuko, akautundika begani kama mtu aliyezoea uzito wake.

"Baba," alisema, "hiyo miwili ndiyo niliyoisogeza, kama walivyoniomba. Wangu sijaugusa."