Miguu ya Kushoto

"Viti vinane? Hata kimoja natengeneza, mzee wangu," alisema fundi, na Emilian akashusha pumzi. Karakana mbili za Karatu mjini zilikwisha kumkatalia. Loji ya watalii iliyopenda kiti chake ilitaka vinane tu, na karakana hizo haziwashi mashine kwa viti vinane.

Fundi alikiweka kiti cha mfano mezani, akakipima kwa futi, akacheka.

"Huyu aliyechonga alitoka kilabuni? Miguu ya kushoto mifupi!"

"Nilichonga mimi."

Kicheko cha fundi kikakatika.

"Mke wangu alianguka kijijini kwetu Oldeani, akavunjika nyonga. Wakubwa wa wilaya wakasema gari la wagonjwa linakuja. Tulilingoja siku tatu. Mfupa ukaunga vibaya, akawa anakaa kiupandeupande. Nikawa napunguza miguu hiyo ya kiti kidogo kidogo, mpaka siku akaniambia, 'Hapo hapo, baba.'"

"Mama anaendeleaje sasa?"

"Wakubwa walikuja kumzika. Siku hiyo magari yalipatikana, manne."

Fundi aliinamisha kichwa. "Pole, mzee wangu. Basi vyote nivichonge hivi hivi?"

Emilian alipapasa kikalio cha kiti. Mbao ya mringaringa ilikuwa imelika upande mmoja, laini kama ndani ya kibuyu.

"Chonga miguu sawa," alisema. "Wageni wa loji wana nyonga nzima."

"Na hiki nikusawazishie?"

Emilian alikishusha kutoka mezani, akakikalia palepale kwenye maranda, akalalia kushoto.