Mteremko wa Kwenda Dirishani

Mteremko wa viti vya magurudumu ulikuwa mpya, laini, umepakwa rangi ya njano, nao uliishia dirishani.

Mlango ulikuwa upande wa pili, juu ya ngazi tisa.

Savriniso alimsukuma rafiki yake Bibisoro hadi juu, kimya kimya, kama kawaida yake anaposukuma. Alipofunga breki ndipo mazungumzo yalipoanza.

"Shoga, wametujengea njia ya kuja kuchungulia."

"Chungulia wewe. Mimi nimekuja kujiandikisha."

Kituo hicho cha jamii, hapo Khujand, kilikuwa kimeanzisha darasa la wanawake wenye ulemavu: kuoka mikate kwenye tanuri fupi, linalofikiwa na mtu aliyeketi. Orodha ilikuwa inafungwa mchana huo. Bibisoro aliwahi kuokea mtaa mzima, hadi siku alipoanguka kutoka kwenye mti wa aprikoti. Miezi kumi na moja sasa alikuwa anakula mikate ya Savriniso, ambayo kwa maoni yake ilifaa kuzibia paa.

Nyuma ya kioo kilichofungwa aliketi karani mmoja mnene mwenye tai fupi. Fomu zao alikwisha kuzipokea kupitia mwanya wa chini, na sasa alikuwa anazisoma polepole.

"Tazama tumbo hilo," alisema Savriniso. "Mwenyezi Mungu anisamehe, huyo amemeza karani mwenzake."

"Tena mwenzake ndiye aliyekuwa na akili."

Walicheka mpaka kiti kikatikisika. Karani aliinua macho, akawatazama kwa muda, akarudi kwenye karatasi zake.

"Anatutazama, Savri."

"Atazame. Kwani anajua tunasema nini?"

Mlinzi alipiga kelele kutoka bustanini kwamba rangi ya ukuta bado mbichi. Alipiga kelele mara tatu. Savriniso akauegemea.

Kisha akatoa mkate kwenye mfuko, akaumega. Alipokuwa ameshika kipande huku na kipande huku, hakusema neno. Bibisoro alipokea kimoja, akatafuna kwa subira kubwa.

"Mwenzangu, huu unga ulikukosea nini?"

"Kula, malkia. Ukikosa nafasi leo, utaula huu mpaka kaburini."

Bibisoro hakucheka. Aliweka mkate mapajani.

"Akiikataa fomu yangu sijui nitafanyaje. Miguu imekwenda, basi, nimeshukuru Mungu kwa kilichobaki. Lakini mikono yangu ni mizima, Savri. Inataka kazi."

Savriniso alimshika bega. Halafu akakigeukia kioo, uso kwa uso na karani.

"Ewe tumbo! Andika hilo jina. Andika, kabla sijaomba dua hiyo tai ikunyonge."

Karani alipiga muhuri fomu ya kwanza. Akapiga na ya pili. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka. Akaweka muhuri chini, akafuta machozi ya kicheko, akainua mikono yake minene nyuma ya kioo, na kwa vidole vyepesi, bila kufungua mdomo, akawaambia:

"Alhamisi, saa nne asubuhi. Mwalimu ni mke wangu. Naye ni kiziwi kama nyinyi, ila matusi yake yamekomaa zaidi."